Profesa Sarungi na Swali la Muleba

Kijana wa bodaboda akivunjika paja barabara ya Muleba kwenda Bukoba, ndugu zake hawaulizi waziri ni nani. Wanauliza: daktari wa mifupa yupo?

Swali hilo linanikumbusha Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki dunia Dar es Salaam tarehe 5 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 88. Alizaliwa mkoani Mara, ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Alisomea udaktari Hungaria, akarudi nyumbani, akawa miongoni mwa mabingwa wa kwanza wazalendo wa upasuaji wa mifupa, na akafundisha Muhimbili.

Wengi humtaja kwa uwaziri wa Afya na wa Ulinzi. Ni haki yake. Lakini uwaziri hupokezanwa. Mpasuaji hutibu mgonjwa mmoja mmoja. Akifundisha, huacha mikono mingi ikiendelea na kazi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, imesimama juu ya jasho la kizazi chake.

Hata hivyo, Muhimbili iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa, na mfupa uliovunjika hausubiri basi. Tukitaka kumuenzi, tusiishie kwenye rambirambi. Vijana wetu wasomeshwe ubingwa, na wakihitimu wakubali kuja Rubya, Kagondo na Ndolage. Nasi tuhakikishe wanakuta nyumba ya kuishi na chumba cha upasuaji chenye vifaa.

Hapo ndugu wa yule kijana watakuwa wamejibiwa.