Mifupa ni Akiba, Usiile Mapema

Najua mkimwona mtu wa afya anaingia, mnasema kimoyomoyo, "Haya, UKIMWI na mimba tena." Leo hapana. Leo nazungumzia mifupa. Na usiniambie hayo ni mambo ya wazee. Subiri kwanza.

Bibi yangu aliteleza uani, hatua mbili tu kutoka jikoni. Hakudondoka kutoka juu ya mnazi! Lakini nyonga ilivunjika, na tangu siku hiyo hakutembea tena bila kushikwa mkono. Ugonjwa wake unaitwa osteoporosisi. Mfupa unapungua uzito na kujaa matundu ndani, kama mti ulioliwa na mchwa. Hauna homa, na wengi hawajui kama wanao mpaka siku wanapovunjika.

Sasa sikiliza. Mfupa si jiwe, uko hai. Ndani yake kuna mafundi wa aina mbili: wanaobomoa mfupa uliochakaa na wanaojenga mpya. Wabomoaji wanahitaji msimamizi, na msimamizi huyo ni homoni iitwayo estrojeni, inayowazuia wasizidishe. Kwa msichana, nyingi inatengenezwa kwenye ovari. Mwanamke anapokoma hedhi, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni inashuka sana. Wabomoaji wanabaki bila wa kuwazuia. Daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, aliandika juu ya jambo hili pamoja na wenzake mwaka 1941.

Wavulana, msicheke. Na ninyi mnayo estrojeni. Mwili wenu unaitengeneza kutokana na testosteroni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Urefu wake ulikuwa sentimita 204 na alikuwa bado anarefuka! Testosteroni alikuwa nayo ya kutosha, lakini mifupa yake ilikuwa dhaifu.

Wewe unahusikaje? Sehemu kubwa ya mfupa utakaoutumia maisha yako yote inajengwa kabla hujafika miaka 20 hivi. Hiyo ndiyo akiba yako. Uzeeni utakuwa unatoa tu.

Mimi nilikaribia kuichezea. Nikiwa kidato cha tatu nilijinyima kula ili niwe mwembamba. Asubuhi chai tupu, mchana sili, jioni nakimbia uwanjani. Siku zangu zikakatika miezi minne. Basi nikafurahi! Hela ya pedi ilibaki mfukoni. Muuguzi mmoja ndiye aliyenishtua. Alinieleza kwamba mwili usiopata chakula cha kutosha unapunguza estrojeni, na mifupa inaanza kupungua katika umri uleule ambao ingepaswa kujengwa.

Kwa hiyo, dada, ukikosa siku zako miezi mitatu mfululizo, usinyamaze wala usishangilie. Inaweza kuwa mimba, njaa, mazoezi kupita kiasi au ugonjwa. Nenda kituo cha afya ukapimwe.

Na sote, wasichana kwa wavulana, tufanye haya:

Kula ushibe. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi vina madini ya kalisi, ambayo ndiyo matofali ya mfupa.

Cheza. Ruka kamba, piga netiboli, kimbia na mpira. Mfupa unaofanyishwa kazi unaimarika. Ukicheza nje unapata pia jua, linaloupa mwili vitamini D.

Acha sigara na pombe. Vyote viwili vinadhoofisha mifupa.

Mwisho, likizo ukienda kwa bibi, usikae tu kungoja ubwabwa. Angalia njia yake ya kwenda chooni usiku. Kuna taa? Kuna utelezi? Rekebisha. Na kama amewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, mpeleke hospitali, kwa sababu dawa za kuimarisha mifupa zipo. Yeye akiba yake imepungua. Yako ndiyo kwanza unaiweka.

Haya, nani ana swali?