Siku ya Sita Mlimani

Leo tunaipanga safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo wengi hulikata wakibana bajeti: idadi ya siku.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Pale, pumzi moja hukupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Tanga. Mwili huzoea, ila haukimbizwi, na mazoezi ya mbio hayafuti hilo. Vijana wenye misuli hushindwa, wazee wa mwendo wa polepole wakafika.

Marangu kuna vibanda vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, kisha Kibo, karibu 4,700. Safari huwa ya siku tano au sita. Siku ya ziada hutumika Horombo: asubuhi mnapanda taratibu hadi kwenye miamba yenye michirizi myeusi na myeupe kama pundamilia, karibu mita 4,000, mnapumzika, mnarudi kulala palepale Horombo. Kama fedha haitoshi siku sita, jichange kwanza, uende msimu mwingine. Januari na Februari ni wakati mzuri, hali kadhalika Juni hadi Oktoba. Masika yapishe.

Usiku wa kilele mnaondoka Kibo karibu saa sita, kwenye baridi ya kugandisha maji. Chupa ibebe kichwa chini, maana barafu huanzia juu, na mdomo utabaki wazi.

Kiongozi wako mwambie ukweli. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Lakini ukiyumba kama mlevi, ukichanganyikiwa, au ukikosa pumzi hali umekaa, ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji. Hapo ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Wapo wanaoficha dalili kwa kuwa wameshalipa. Jamani, msifiche, inaua!

Na wagumu, wale wapagazi wanaobeba mizigo na vyakula? Mzigo wa mmoja usizidi kilo 20, na hupimwa getini. Simama pale kwenye mizani, uangalie. Kabla ya kulipa, iulize kampuni wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, wanakula mara ngapi, na kama wana makoti na viatu vya baridi. Ikibabaika kujibu, tafuta nyingine.