Kifua cha Mtoto Mchanga na Majira ya Mafua
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Kamati imetupa zamu ya kusema jioni hii, nasi tumechagua jambo lisilohusu mishahara wala likizo. Twajua wako watakaosikitika. Walakini jambo lenyewe huingia nyumbani mwa kila mwanachama pasipo kubisha hodi, nalo ni mafua.

Kwa mtu mzima mafua ni leso mbili na siku tatu za kupiga chafya juu ya majalada. Kwa mtoto wa miezi miwili ni habari nyingine kabisa. Miongoni mwa virusi viletavyo mafua viko viitwavyo RSV, vilivyotambuliwa kwanza mwaka 1956 katika sokwe waliofugwa huko Marekani, kisha vikaonekana kwa watoto wa binadamu. Karibu kila mtoto hupatwa navyo kabla hajatimiza miaka miwili, na wengi hupona. Lakini Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watoto wapatao 100,000 walio chini ya miaka mitano hufa kwa virusi hivyo kila mwaka, na karibu nusu yao hawajafikisha miezi sita. Takribani wote ni wa nchi zisizo na utajiri, yaani nchi kama zetu.

Sababu ni udogo wa njia za pumzi. Vijia vilivyo ndani ya mapafu ya mtoto mchanga ni vyembamba mno. Vikivimba kidogo na kujaa ute, hewa haipiti. Tena mtoto huyo hupumua kwa pua. Pua ikiziba hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja, basi huacha ziwa.

Sasa twaja kwenye neno tulilolikusudia hasa. Wazee wetu husema ugonjwa huu huletwa na baridi, na kwa hiyo mtoto hufungwa nguo tatu na dirisha likafungwa kwa komeo. Tutazame Kilifi, pwani ya Kenya, ambako wataalamu wa taasisi ya KEMRI na wenzao wamevichunguza virusi hivi kwa miaka mingi. Huko msimu wake aghalabu huanza mwishoni mwa mwaka na kukolea katika miezi ya kwanza ya mwaka mpya, yaani wakati wa kaskazi, watu walalapo nje kwa sababu ya joto. Kule Uingereza msimu wake huja katika baridi kali. Na mwaka 2020, watu walipotengana kwa ajili ya Korona, Australia ilipita majira yake ya baridi karibu pasipo RSV. Ugonjwa ukavuma mwishoni mwa mwaka, joto lilipokwisha kuingia. Baridi ilikuwapo; kilichokosekana ni watu kukaribiana.

Ni nani basi amkaribiaye mtoto? Katika msimu wa 2009 hadi 2010 watafiti walizitembelea nyumba 47 huko Kilifi mara mbili kwa wiki, wakichukua ute wa pua wa kila mkaaji, mgonjwa na mzima. Kwa vichanga walioambukizwa, mara nyingi aliyeuleta ugonjwa nyumbani alikuwa ni kaka au dada, na wengi wa hao walikuwa wanafunzi wa shule. Mtoto mchanga hatoki nje. Ugonjwa hutumwa kwake kwa mkono wa ampendaye. Kadhalika baba arudiye kazini akiwa na makamasi, akamnyanyua mwanawe na kumbusu kabla hata hajavua viatu. Virusi hivi hukaa saa kadhaa juu ya meza na vikombe. Kwa hiyo yatupasa kunawa kwa sabuni kwanza, na mwenye mafua asimbusu mtoto usoni. Moshi wa jikoni nao, na ule wa sigara za baadhi yetu, huzidi kukidhuru kifua.

Akiisha kuugua, jambo la maana ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunueni kifua na kuhesabu kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi miwili akifikia 60, wa miezi miwili hadi kutimiza mwaka akifikia 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikia 40, apelekwe hospitali. Na kama sehemu ya chini ya kifua yaingia ndani avutapo pumzi, au amekataa ziwa, au midomo yabadilika rangi, au hazinduki, msingojee kupambazuke. Huko atapewa oksijeni na kulishwa. Viuavijasumu haviui virusi, basi tusivinunue dukani kwa kubahatisha.

Twaomba radhi kwa neno lifuatalo, maana liko katika nyumba zetu. Wapo wamwitao mkata kimeo mtoto akikohoa. Ugonjwa tunaousema u katika vijia vya mapafu, wala si katika kile kinyama cha koo. Wembe huongeza damu kumwagika na kidonda kuoza, na hupoteza siku ambayo mtoto hana ya kupoteza.

Mwisho, baadhi ya mabibi wametuuliza habari za chanjo. Ipo: mwaka 1966 ilijaribiwa moja huko Marekani ikawadhuru watoto, na wawili wakafa, hata kazi ikachelewa miaka mingi. Mwaka 2023 ilikubaliwa huko chanjo nyingine, ambayo hudungwa mama mjamzito ili kinga impitie mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani lashauri itolewe kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito. Ulizeni kliniki kama imefika kwenu.

Saa ya ukumbi huu ina mshale wa sekunde. Wapendao kujifunza kuhesabu pumzi wabaki kidogo baada ya chai.