AMRI NA MGUU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mwanza)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya kuongoza watu katika kwata. Twajua baadhi yenu mtauliza, makarani wana haja gani na kazi ya askari? Jawabu ni hili: mwaka mmoja wafanyakazi wa afisi yetu walitakiwa kupita kwa safu siku ya Mei Mosi, nasi tukachaguliwa kuamrisha, kwa kuwa tuna sauti kubwa na tumepata elimu. Hayo mawili ndiyo yaliyotuponza.

Kando hii ya ziwa imesikia amri kwa lugha nyingi. Wadachi walifundisha askari wao kwa Kidachi, lakini vyeo vya askari vilikuwa vya Kituruki, ombasha na shaushi, kwa sababu wengi wa askari wa kwanza wa Wissmann, mwaka 1889, walikuwa Wasudani walioandikwa Misri. Neno afande ni masalio yao, wala halijazeeka. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Mwanza, na askari wa Keya walipiga kwata kwa amri za Kiingereza. Watu wazima wakajifunza kugeuka kwa neno wasilolijua. Mguu uliitika sauti tu. Jeshi la Wananchi, lililoundwa mwaka 1964, laamrishwa kwa Kiswahili.

Basi sisi tulidhani kwamba amri ikiwa kwa lugha yetu, kazi imekwisha. Tukasimama uwanjani, tukapaza sauti kwa pumzi moja: "Nyumageuka!" Nusu ya safu ikaelekea ziwani, nusu ikaendelea kwenda mawe ya mlimani, na bwana mmoja wa hesabu akagongana kipaji na bibi wa masjala. Watu wakacheka. Nasi tukaghadhibika, tukawaambia hawana masikio, tukawasimamisha juani saa saba ya mchana, hata mama mmoja akaketi chini kwa kizunguzungu.

Palikuwapo mzee mmoja akitazama, tarishi wa zamani wa afisi yetu, ambaye kwa miaka tulimtuma majalada na chai. Tulijua alikuwa askari katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, lakini hatukumwuliza neno hata siku moja. Akatukaribia, tukamwamkia, akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie: "Mwanangu, hawa hawakukosa. Umewaamrisha kabla hujawaambia."

Akatueleza. Amri ina sehemu mbili. "Nyuma" ni habari ya akili. Livute neno hilo mpaka mtu wa mwisho wa safu alipate. Kisha nyamaza kidogo. "Geuka" ni ya mguu. Tena neno hilo lina silabi tatu, na lile la Kiingereza moja tu. Ukizipa zote nguvu sawa, huyu atageuka kwa ya kwanza na yule kwa ya tatu. Vuta "geu", kata "ka". Mwendo wa haraka ni hatua 120 kwa dakika, yaani nusu sekunde kila hatua. Ukichelewa kidogo tu, mguu mwingine umekwisha kukanyaga. Kwa hiyo tembea nao kwanza, ukinyamaza, mpaka hatua zao ziwe katika kifua chako. Ama kuwaadhibu watu kwa kosa la sauti yako, alisema aliwaona wengi waliofanya hivyo, wala hakutaka kuwataja.

Ilikuwa vigumu, Mabwana, kurudi mbele ya wenzetu. Tulimwomba radhi yule mama kwanza, kisha wote. Tukawapa maji, tukaanza tena kivulini, mzee akituhesabia hatua kwa kupiga paja lake.

Mara ya tatu tukaita, "Nyumaaa... geuka!" Wakageuka wote kama mtu mmoja, wakaenda zao. Sisi tuliokuwa mbele tukabaki nyuma, tukitazama migongo yao, tukalazimika kukimbia kuzunguka safu nzima ili tuwe mbele tena. Mzee akacheka hata akashika kofia yake.