Chuma Kikizidi Mwilini na Ini Lenye Mafuta

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini tega sikio. Leo tunazungumza juu ya madini ya chuma, yaliyo ndani ya ile tunayoiita dawa ya damu.

Nianze na kisa. Mama mmoja wa pande za Njoro alimleta mama mkwe wake kliniki. Nyanya huyo alikuwa na miaka 57, ana ugonjwa wa sukari, na mwili wake ni mzito. Alikuwa akichoka sana. Mke wa mwanawe akaniambia, "Sista, tumempa dawa ya damu karibu mwaka mzima na bado hana nguvu." Kila mwezi alinunua chupa moja kwa kemisti. Isitoshe, alimpa pia vidonge vyake vilivyobaki baada ya kujifungua. Alifanya hayo kwa upendo.

Tulipompima nyanya, damu yake ilikuwa ya kutosha. Alipokwenda hospitali kubwa, picha ya tumbo ilionyesha mafuta kwenye ini. Kipimo cha akiba ya chuma mwilini, kinachoitwa feritini, nacho kilikuwa juu.

Sasa tuelewane. Chuma ni kizuri, ndicho kinachosaidia kutengeneza damu. Ndiyo sababu kliniki zetu humpa mama mjamzito kidonge chenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku. Mama mjamzito unayenisikiliza, usiache vidonge vyako kwa sababu ya mazungumzo haya. Unavihitaji wewe, na mtoto wako pia.

Lakini mwili hauna njia ya kutupa chuma kilichozidi. Hautoi kwa mkojo kama unavyotoa chumvi. Kwa kawaida tunapoteza kama miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Mwanamke hupoteza zaidi wakati wa hedhi na wa kujifungua. Hedhi ikikoma, njia hiyo hufungwa. Kinachozidi huwekwa akiba, na ghala kubwa la akiba hiyo ni ini.

Na ini lenye mafuta je? Huonekana zaidi kwa watu wenye tumbo kubwa, ugonjwa wa sukari au mafuta mengi katika damu, hata kama hawajawahi kuonja pombe. Kati ya watu wenye ini la namna hii, karibu mmoja kati ya watatu hukutwa na feritini iliyo juu. Si wote kati yao wenye chuma kingi, kwa maana feritini hupanda pia mwili ukiwa na ugonjwa mwingine. Ndiyo maana daktari huongeza vipimo vingine kabla ya kuamua.

Unajua mafuta ya kupikia yakiachwa kwenye sufuria ya chuma yenye kutu huharibika upesi na kunuka. Jambo linalofanana na hilo hutokea ndani ya ini. Chuma kingi kikikutana na mafuta, huyaharibu, na ini hujeruhiwa polepole. Majeraha huacha makovu. Makovu yakizidi, ini huwa gumu na kushindwa na kazi, na hata saratani yaweza kuingia. Jambo la kuogopesha ni kwamba mwanzoni huhisi maumivu yoyote.

Tangu mwaka 1929 madaktari kule kusini mwa Afrika wameandika juu ya watu ambao maini yao yalijaa chuma. Baadaye ikajulikana kwamba wengi wao walikunywa pombe ya kienyeji iliyotengenezwa katika mapipa na vyungu vya chuma. Nyanya wetu hakunywa pombe. Lakini somo ni lile lile: kinachoingia bila kipimo, ini ndilo hulipa.

Basi tufanye nini? Kwanza, usimpe mtu dawa ya damu kwa sababu amechoka tu. Uchovu una sababu nyingi, na sukari ni moja yake. Mpeleke apimwe damu kwanza.

Pili, vidonge vya mjamzito si vya kugawana. Viweke mbali na watoto, kwa maana mtoto huviona kama peremende. Vidonge vichache tu vyaweza kumuua. Akivimeza, mkimbize hospitali hata kama anacheza.

Tatu, tupunguze mafuta yenyewe. Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo 6 hadi 8 polepole, ini lake hupata nafuu kubwa. Punguza sukari kwenye chai, soda, mandazi na chipsi. Tembea kila siku. Pombe iachwe. Nyama na maini yasiwe ya kila siku. Sukuma wiki, managu, terere na maharagwe usiviogope, kwa maana chuma cha mimea huingia mwilini kidogo tu. Na mtu asikudanganye kwamba ukitolewa damu mafuta ya ini yataisha. Hilo halijathibitishwa.

Nyanya yule aliacha dawa ya damu kama daktari alivyomwambia. Alipunguza sukari, akaanza kwenda sokoni kwa miguu. Baada ya miezi sita alikuwa amepungua kilo 6, na sukari yake imeshuka. Aliniambia, "Sista, sasa napanda ule mlima wa kwetu bila kusimama." Mke wa mwanawe alikuwa kando yake akicheka.

Mama mpendwa, leo jioni fungua kabati lako la dawa. Ukipata chupa au vidonge vya damu ambavyo hakuna aliyeandikiwa, vipeleke kituo cha afya, na umpeleke mgonjwa wako akapimwe.