109, Defender Mpya na Gari la Shule Yetu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka, Bariadi)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya magari ya zamani na yale mapya yanayotengenezwa kwa mfano wao. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu nimeshinda gereji miaka thelathini na mbili, wala si kwa ufasaha wa kusema. Lakini sote twaijua sababu yenyewe. Alasiri hii tutapiga kura juu ya fedha za gari la shule, na mkutano umekwisha gawanyika. Wako wanaotaka ile Land Rover 109 iliyolala nyuma ya ghala ifufuliwe. Wako, hasa wenzetu waliotoka Dar es Salaam, wanaotaka tununue Defender ya kisasa, hata kama ni iliyokwisha tumika, maana, kwa maneno yao, "ni ile ile, ila imeboreshwa." Hayo maneno mawili, "ile ile," ndiyo ninayotaka kuyafungua boneti.

Kwa ajili ya vijana, nianze na historia kidogo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kiligawiwa kwa kibali, ndipo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Watu huisifu bodi ile kwa kutoshika kutu, kumbe mama yake ni uhaba. Namba 109 si cheo. Ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu sentimita 277. Injini ya petroli ilikuwa ya lita 2.25 yenye nguvu za farasi 77, na ile ya dizeli 62 tu. Probox mnayopanda kwenda Lamadi ina nguvu kuzidi hiyo.

Basi ukubwa wake ulikuwa wapi? Mnaujua udongo wetu wa mbuga. Kiangazi unapasuka hata mguu wa mbuzi unaingia. Masika unageuka gundi. Ndio unaotupa pamba, na ndio unaotunyima njia. Siku zile Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu haikuwa mkoa mpaka mwaka 2012, na mvua ikishika watu walihesabu safari kwa siku, si kwa maili. Ndani ya 109 kulikuwa na kitufe cha njano na mkono mwekundu. Dereva akikibonyeza kile cha njano, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Akiuvuta ule mwekundu, gia zinashuka na motokaa inatambaa kama kinyonga. Hakukuwa na la kusoma wala la kuuliza.

Lakini hata hilo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni namna ilivyoharibika. Tusidanganyane, 109 iliharibika sana. Zile za kwanza zilikuwa na ekseli dhaifu nyuma, zikikatika kama miwa katikati ya korongo, hata kiwandani waliona aibu wakaweka ekseli nene zaidi kuanzia miaka ya 1970. Sasa sikilizeni. Ekseli ikikatika, dereva alibonyeza kitufe cha njano akarudi nyumbani kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Kama alikuwa na ekseli ya akiba, alifungua bolti sita katikati ya gurudumu, akaichomoa ile iliyokatika, akasukuma nzima, bila hata kutia jeki. Betri ikifa, alipiga hendeli. Gari lile lilivunjika, na bado lilifika. Na kila lilipovunjika lilimwachia fundi elimu, kwa sababu kilichovunjika kilionekana kwa macho.

Nimesema kweli moja. Niseme na ya pili, ili wenzangu wa kambi ya kuifufua wasinipigie makofi mapema mno. Breki zake ni za ngoma magurudumu yote manne, na zikitoka majini hazishiki mpaka zikauke. Abiria wa nyuma hukaa ubavu kwa ubavu kwenye mabenchi, bila mkanda wa usalama, wakitazamana magoti. Usukani una mchezo wa kumtosha dereva kusalimia kijiji kizima kabla gari halijageuka. Asubuhi hii mwenzangu mmoja kaniambia, "Sisi tuliipanda miaka minne na hatukufa." Ndugu yangu, aliyekufa hawezi kuhudhuria mkutano wa leo akatueleza habari yake. Kuwapakia watoto wa watu ndani ya gari lile kwenye lami ya Lamadi, katikati ya mabasi yanayokwenda mbio jinsi yanavyokwenda, mimi sitakubali.

Tuje kwa hiyo ya kisasa. Umbo la zamani liliendelea kubadilika polepole: mwaka 1983 likapata springi za koili badala ya zile za matabaka, mwaka 1990 likapewa jina la Defender, na tarehe 29 Januari 2016 la mwisho likatoka kiwandani Solihull, baada ya zaidi ya milioni 2 kutengenezwa tangu mwanzo. Lilishindwa na sheria za usalama na za moshi. Mpaka linakufa halikuwa na mfuko wa hewa hata mmoja. Defender mpya ilionyeshwa Frankfurt mwezi wa Septemba 2019, nayo hujengwa Nitra, nchini Slovakia. Ile chasisi ya chuma mfano wa ngazi haimo tena; bodi na uti wa mgongo ni kitu kimoja cha aluminiamu. Kila gurudumu hupanda na kushuka kivyake, na yenye springi za hewa hujiinua ikapita maji ya sentimita 90, wakati Defender ya zamani iliandikiwa 50.

Niseme kama fundi mwaminifu: kwa vipimo hivyo, jipya linalishinda la zamani. Linakwenda mbio, linasimama vizuri, halivuji mvua, na likigongwa linamlinda aliyemo ndani. Wazee wenzangu wanaosema kwamba magari ya siku hizi ni makopo wanasema kwa mapenzi tu. Kosa la wenzetu wa Dar es Salaam si kulisifu, kwa maana linastahili sifa. Kosa ni kusema ni ile ile. Wametwaa pembe za bodi, gurudumu la akiba mgongoni na vidirisha vya paani, kisha ndani yake wakajenga gari la aina nyingine kabisa. Si dhambi. Gari hilo halikufanyiwa mtu aliyekwama ng'ambo ya mto Simiyu usiku.

Miaka michache iliyopita jamaa yangu alikuja Meatu kwa msiba na gari zuri la kisasa, ambalo jina lake sitalitaja kwa kuwa mwenye kosa huenda ni njia. Lilipita matope yote bila taabu. Asubuhi ya kurudi taa moja ikawaka, injini ikajipunguzia nguvu yenyewe, ikakataa kuzidi mwendo wa baiskeli. Hakukuwa na kitu kilichokatika. Hakukuwa na moshi, wala mlio, wala mafuta chini. Fundi wa Mwanhuzi, kijana hodari ambaye angeweza kuishusha injini nzima kabla ya chakula cha mchana, alisimama mbele yake mikono mitupu, kwa sababu gari lilikuwa linaumwa kwa lugha asiyoijua. Kidude kidogo kuliko kidole gumba kilisubiriwa siku tisa kutoka Dar es Salaam. Jamaa yangu alirudi kwa basi.

Sasa badala ya jamaa yangu wekeni mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye malaria kali, saa nane za usiku, mwezi wa Machi. Hiyo ndiyo safari tunayonunulia gari. Kwenda Nyakabindi kwenye maonyesho hata basi la kukodi litatufikisha.

Mambo haya hayakuanza na Land Rover. Wazee mnaikumbuka Volkswagen yenye mgongo wa kobe, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, injini ikiwa nyuma na ikipozwa kwa hewa, bila rejeta ya kutoboka. Ilipofufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, mgongo wa kobe ulikuwa pale pale, lakini injini ilihamia mbele na kupozwa kwa maji, na karibu na usukani wakaweka chombo cha kutia ua. Ua, ndugu zangu! Toyota nao mwaka 2006 walitoa FJ Cruiser, yenye taa za mviringo na paa jeupe kama Land Cruiser ya zamani ya mfululizo wa 40, na chini yake petroli ya silinda 6 isiyoona haya kunywa. Mwingereza mmoja tajiri, Jim Ratcliffe, alijaribu kuturudishia hata mifupa. Kampuni yake ya Ineos ilianza kujenga Grenadier huko Hambach, Ufaransa, mwaka 2022, yenye chasisi ya ngazi na ekseli nzima mbele na nyuma. Kabla ya hapo, mwaka 2020, mahakama ya London ilikataa ombi la wenye Land Rover la kutaka sura ya gari lao la kale isajiliwe kuwa alama yao ya biashara. Lakini hata Grenadier injini yake ni ya BMW, yenye kompyuta. Sura na mifupa wameirudisha, kichwa kimebaki Ulaya.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nitoe pendekezo langu.

Gari ninalolipendekeza halina sifa ya kufufuliwa kwa sababu halikufa. Ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile tunayoiita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililoinuka ubavuni. Ilianza mwaka 1984 kuchukua nafasi ya ile ya 40, na mpaka leo inatengenezwa. Mwaka 1990 ikapata injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina tabo. Mwaka 1999 springi za mbele zikawa za koili, za nyuma zikabaki za matabaka. Baadaye ikatiwa breki bora na mifuko ya hewa. Tazameni walivyofanya: wamebadili mfupa mmoja kwa wakati, na mfupa uliofaa wakauacha. Kwa hiyo fundi aliyejifunza kwenye gari la mwaka 1992 akifungua lililotengenezwa miaka ishirini baadaye yuko nyumbani kwake. Tembeeni hapa Bariadi mjini mtazame magari ya wagonjwa, ya polisi na ya hifadhi, kisha niambieni vipuri vya gari gani vitapatikana kwanza.

Sisemi kwamba ni gari la raha. Linarusha abiria wa nyuma, linakunywa dizeli, na bei yake ya dukani itawashtua. Ndiyo maana nasema tutafute lililotumika, lenye kumbukumbu za matengenezo, na mtu mwenye macho alale chini yake aikague chasisi kabla ya kulipa. Kadhalika Kamati iwe macho. Mwaka 2023 Toyota walilirudishia mfululizo huu taa za mviringo, na kwa baadhi ya nchi wakaliwekea injini ndogo ya lita 2.8 yenye tabo, kompyuta na gia za kujibadili. Ni injini nzuri, lakini nozeli zake hazipendi dizeli ya madumu, nasi dizeli ya madumu tutaitia tu siku ikibidi. Muuzaji akiwaambia "ni ile ile," mwambieni kwanza afungue boneti.

Na ile 109 je? Naomba isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao nasikia wamekwisha kuja mara mbili. Ihamishiwe kwenye banda la karibu na maabara, iwe mali ya wanafunzi. Mwalimu wa fizikia anafundisha uwiano wa gia kwa kuchora ubaoni, na mita hamsini kutoka ubao huo kuna sanduku la gia ambalo mtoto anaweza kulifungua, kuhesabu meno, akapata jibu kwa mikono yenye grisi. Kizazi hiki kitatengeneza magari yenye kompyuta, na yapasa wajifunze hiyo kompyuta pia. Lakini kijana aliyewahi kuona kwa macho nguvu ikitoka kwenye pistoni, ikapita klachi, ikashuka hadi kwenye gurudumu, hatasimama mikono mitupu mbele ya taa inayowaka. Mimi najitolea siku mbili kila mwezi, bila posho, maadamu shule itanipa chai na vijana kumi wasioogopa uchafu.

Nimekwisha kuikagua. Chasisi imeoza upande wa kushoto nyuma, injini haijakamata, na ndani ya kabureta kuna nyigu. Hendeli yake haionekani. Kama hendeli hiyo iko nyumbani kwa mmoja wenu tangu tulipoondoka hapa, naomba airudishe kabla ya likizo, hataulizwa neno.

Niko tayari kwa maswali.