Milimita 13 kwa Sekunde

Msikilizaji, tarehe 23 Januari 1998 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho NEAR kilipita juu ya dunia yetu, kimo cha kilomita mia tano na kitu, kikielekea kwenye asteroidi ya Eros. Kilikuja kuazima mwendo. Chombo kinapopita karibu na sayari, mvutano wake hukipinda njia na kukirusha upande mwingine, bila kuteketeza shehena ya mafuta. Ukikipima kwa Jua, kasi yake imebadilika. Ukikipima kwa sayari yenyewe, deni halibaki: kasi kiliyokuja nayo kutoka mbali ndiyo kitakayoondoka nayo kikifika mbali tena. Hapo Newton na Einstein wanakubaliana.

NEAR hakikufuata hesabu hiyo. Kilionekana kuondoka na ziada ya milimita 13 na ushei kwa sekunde.

Ni kidogo, ndiyo, kwa chombo kilichokuwa kikienda, kikiwa bado mbali nasi, karibu kilomita 7 kwa sekunde. Lakini ziada hiyo kwa saa moja inatimia mita 48, na kwa siku moja inavuka kilomita. Tena wahandisi hawa hupima kasi hadi sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde. Wanapimaje? Kwa redio, msikilizaji, kwa mawimbi ya jamaa moja na haya yanayokufikishia sauti yangu. King'ora cha gari la wagonjwa hulia kwa ukali likikujia, na sauti hushuka likishakupita. Mawimbi ya redio nayo hubadilika vivyo hivyo, na katika badiliko hilo la masafa ndimo kasi ya chombo inamosomwa. Wataalamu walipochukua vipimo vya kabla ya NEAR kupita, vilikubaliana barabara. Vya baada ya kupita, navyo barabara. Walipoviunganisha kuwa safari moja, vikakataa.

Na NEAR hakikuwa cha kwanza. Chombo cha Galileo, mwezi Desemba 1990, kilizidisha karibu milimita 4. Rosetta cha Ulaya, mwaka 2005, karibu 2. Mwaka huohuo MESSENGER kilipita bila tofauti ya maana. Mwaka 2008 mwanafizikia John Anderson na wenzake walichapisha kanuni iliyohusisha ziada hiyo na mzunguko wa dunia, na pembe ambazo chombo huingia na kutoka ukizipima kwa ikweta. Ililingana vizuri na vipimo vilivyokuwepo. Lakini Rosetta kilirudi mwaka 2007 na 2009, na chombo cha Juno kikapita tarehe 9 Oktoba 2013. Ziada haikuonekana.

Wapo waliokwisha kutangaza kwamba sheria za mvutano zimevunjika. Wapo wanaosema ni hitilafu ya hesabu, tufunge faili. Mimi siko na hawa wala wale, na sababu yangu ni historia. Karne ya 19 sayari ya Uranusi ilikuwa ikipotoka njia yake, na upotofu huo ukawaongoza watu hadi Neptuni, iliyoonekana mwaka 1846. Utaridi nayo ilikuwa na upotofu. Le Verrier, aliyekuwa ameionyesha njia ya kuiona Neptuni, akakisia sayari nyingine iliyojificha karibu na Jua. Haikuwepo. Safari hii sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa na upungufu, na Einstein akaonyesha hivyo mwaka 1915. Halafu kuna vyombo vya Pioneer 10 na 11, vilivyokuwa vikipunguza mwendo kupita hesabu vikiwa mbali kabisa na Jua. Miaka mingi watu walibishana kuhusu fizikia mpya, mpaka Slava Turyshev na wenzake walipofufua kumbukumbu za zamani za safari hizo na, mwaka 2012, wakaonyesha kwamba vilikuwa vikijizuia vyenyewe: joto la mitambo yake lilitoka zaidi upande wa mbele, likavisukuma nyuma kidogo kidogo.

Vitendawili vitatu, kila kimoja na jibu la namna yake. Ndiyo maana inaniuma tofauti ndogo inapofutwa ili jedwali lipendeze. Kumbukumbu za Pioneer zingetupwa, tungekuwa tunabishana hadi leo.

Katika kitendawili hiki cha dunia yetu, kumbukumbu zenyewe zina pengo. NEAR kilipokaribia kabisa, antena moja kubwa ilikuwa imekwisha kukipoteza na nyingine haijakipata, kwa saa kadhaa. Kwa hiyo tuna kabla na baada, na katikati hatuna kitu. Mwezi Desemba 2026 Europa Clipper kimepangiwa kupita kwetu kikielekea Mshtarii. Wanaokiongoza wakifuate bila kukatika, hasa katika zile dakika ambazo kitakuwa karibu zaidi na ardhi, na vipimo vyake vibichi viwekwe wazi kwa yeyote anayejua kuvisoma.